Shahada ya kwanza ya uchumi

Shahada ya kwanza ya uchumi ni masomo ya chuo kikuu yanayochunguza jinsi watu, kampuni na serikali wanavyogawa rasilimali zisizotosheleza mahitaji yote. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliufanya uchumi kuwa shahada inayojitegemea mwaka 1903, kwa juhudi za Alfred Marshall. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam masomo haya huchukua miaka 3.

Wengi hujiunga wakitarajia mijadala ya siasa na fedha, wakakutana na hisabati na takwimu tangu mwanzo. Hilo si kosa. Sukari ikipanda bei, haitoshi kusema watu watanunua kidogo. Mwanafunzi hukokotoa unyumbufu wa mahitaji, yaani kiwango ambacho manunuzi hubadilika bei inapobadilika. Bei ikiongezeka kwa asilimia 10 na manunuzi yakapungua kwa asilimia 4, unyumbufu ni 0.4, na mlaji anatumia fedha nyingi zaidi kwa sukari kidogo zaidi. Ekonometriki, yaani matumizi ya mbinu za takwimu katika uchumi, humfundisha kuipata namba hiyo kutoka kwenye takwimu halisi.

Kwa upande mwingine, historia ya fikra za kiuchumi imepunguzwa mno katika mitaala mingi, na hiyo ni hasara kubwa.

Wahitimu huajiriwa katika benki, wizara na ofisi za takwimu. Kazi ya utafiti kwa kawaida hudai shahada ya uzamili.