Ukubwa na uzito wa kamera bila kioo

Kamera bila kioo ni kamera ya kidijitali yenye lenzi za kubadilishwa, ambayo haina kioo cha kuakisi mwanga kama kilichomo katika kamera za DSLR. Kwa kukosa kioo hicho, bodi yake kwa kawaida ni ndogo na nyepesi kuliko ya DSLR ya daraja lilelile. Lakini uzito anaobeba mpiga picha hautokani na bodi peke yake.

Sababu ya tofauti

Katika DSLR, mwanga ukipita kwenye lenzi hukuta kioo kilichokaa mshazari mbele ya kihisi. Kioo huuelekeza juu kwenye mche wa kioo wenye pande tano, ambao huufikisha kwenye jicho la mpiga picha. Picha inapopigwa kioo huinuka ili mwanga ufike kwenye kihisi. Kwa kuwa kinahitaji nafasi ya kuinukia, lenzi haiwezi kukaa karibu na kihisi. Katika mfumo wa Nikon F, ulioanza mwaka 1959, umbali kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi (zamani filamu) ni milimita 46.5. Katika mfumo wa Nikon Z, usio na kioo, ni milimita 16 tu. Mche nao umeondolewa, na mahali pake pamewekwa skrini ndogo ya kielektroniki.

Kamera ndogo zisizo na kioo zilikuwapo hata enzi za filamu, kwa mfano Leica M tangu mwaka 1954, ambazo hutazamiwa kupitia kidirisha cha pembeni.

Mfano wa D850 na Z7

Nikon D850 (2017) ni DSLR. Nikon Z7 (2018) haina kioo. Zote mbili zina kihisi cha ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, chenye megapikseli 45.7, hivyo zinalinganishika vizuri. Pamoja na betri na kadi, D850 ina gramu 1005 na Z7 gramu 675. Unene ni milimita 78.5 kwa 67.5.

Kila moja ikifungwa lenzi yake ya milimita 24-70 yenye f/2.8, D850 hufikia gramu 2075 na Z7 gramu 1480. Lakini mtu akiifunga lenzi ile ya D850 kwenye Z7, hulazimika kutumia adapta ya gramu 135, na jumla huwa gramu 1880. Nafuu iliyobaki ni gramu 195, yaani chini ya robo kilo. Anayehama huku akibaki na lenzi zake za zamani asitarajie begi jepesi sana.

Lenzi

Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la takriban milimita 71 (200 gawanya kwa 2.8), kioo kiwepo au kisiwepo. Ndiyo maana lenzi nyingi za kamera hizi bado ni nzito. Canon RF ya milimita 50 yenye f/1.2 ina gramu 950, wakati ile ya EF ya DSLR haifiki gramu 600.

Kinachopunguza lenzi kwa kweli ni kihisi kidogo. Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds, ina kihisi cha milimita 17.3 kwa 13, karibu robo ya eneo la kihisi cha Z7.

Betri

Kihisi na skrini za kamera bila kioo hufanya kazi muda wote mpiga picha anapotazama. Kwa vipimo vya mtengenezaji, betri moja hupiga takriban picha 330 kwenye Z7 na 1840 kwenye D850, ingawa betri zenyewe ni za jamii moja. Mpiga picha wa harusi hulazimika kubeba betri kadhaa za akiba, na hizo nazo zina uzito wake.