Panya wa Edinburgh na siri ya sinapsi

Mwaka 1906 Santiago Ramón y Cajal wa Hispania na Camillo Golgi wa Italia waligawana Tuzo ya Nobel huku wakipingana vikali. Golgi aliamini mfumo wa neva ni mtandao mmoja usiokatika. Cajal alishikilia kwamba kila seli ya neva imejitenga. Katika miaka ya 1950 darubini ya elektroni ilimpa Cajal ushindi: kati ya seli na seli, kwenye sinapsi, kuna mwanya mwembamba. Upande unaopokea ujumbe pakaonekana pia tabaka zito lenye weusi, lililosheheni protini.

Kwa muda mrefu protini hizo zilichunguzwa moja moja. Mwaka 1992 maabara ya Mary Kennedy huko California ikatambulisha PSD-95, ambayo baadaye ilijulikana kuwa huzishika nyingine nyingi pamoja.

Kwangu, kiini cha historia hii ni mwaka 1998. Kundi la Seth Grant, Chuo Kikuu cha Edinburgh, lilieleza habari za panya waliobadilishiwa jeni ya PSD-95. Wengi walidhani kuwa sinapsi ikiimarika kwa wepesi, kumbukumbu nayo itaimarika. Sinapsi za panya hawa ziliimarika kupita kawaida, lakini walipotiwa ndani ya maji watafute jukwaa lililofichika, walishindwa vibaya kujifunza lilipo. Kumbe nguvu peke yake haitoshi! Sinapsi lazima ipambanue ni ujumbe gani uiimarishe na upi uilegeze, na kazi hiyo haifanywi na protini moja.

Mwaka 2000 Grant na wenzake walilichomoa kundi zima la protini linalozunguka kipokezi cha NMDA, mojawapo ya protini zinazopokea ujumbe kwenye sinapsi, katika ubongo wa panya, wakapata protini 77. Jeni za tatu kati ya hizo zilikwisha kuhusishwa na matatizo ya kujifunza kwa binadamu. Mwaka 2003 watafiti wa Paris wakaonyesha kwamba hitilafu kwenye jeni za neuroligini, protini nyingine za sinapsi, zinahusiana na usonji.

Zamu ya ubongo wa binadamu ikafika 2011. Katika vipande vya ubongo vilivyotolewa wakati wa upasuaji, zilipatikana protini 1,461 za lile tabaka zito la sinapsi. Hitilafu katika jeni zake husababisha magonjwa zaidi ya 130 ya ubongo, yakiwamo aina za kifafa, Parkinson na Alzheimer. Utafiti huohuo ulibaini kuwa protini hizi zimebadilika kidogo mno miongoni mwa mamalia, na kwa hiyo yanayoonekana kwa panya yana uzito pia kwa mgonjwa.