Dhahabu Haishiki Kutu, Mvaaji Je?



Tulipopita Kagongwa, Kahama, kwenye mashine za mchele na njia ya kwenda migodi ya Geita, tuliwafikiria mabibi harusi wetu visiwani na vidani vyao. Kwa nini dhahabu? Kwa sababu haishiki kutu, na watu tangu zamani wameiona kama kitu kisichokufa.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno la hali hiyo: athanasia. "A" ni bila, "thanatos" ni kifo. Miungu yao waliiita athanatoi, wasiokufa. Sisi tunajua asiyekufa ni Mmoja tu, Al-Hayy. Na Sura Taha inatukumbusha kuwa shetani alimhadaa Nabii Adam kwa mti wa khuld, yaani umilele.

Basi mwanamke aache nini? Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha za dini na ndoa. Alifariki miaka michache baadaye. Leo hakuna anayeuliza habari za vidani vyake, lakini nasaha zake bado zinasomwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa elimu yenye manufaa ni miongoni mwa matatu yasiyokatika mtu akifa.

Bibi harusi, vaa dhahabu yako, ni halali yako. Lakini kabla ya siku ya nikaha, muombe mama akuandikie nasaha, hata ukurasa mmoja. Uutunze pamoja na kidani.