Blanketi ya vipande: historia ya wamama walioshonea askari



Mu mukutano wa mwisho wa atelie ya kushona, mama mumoja alitoa wazo. Vipande vya vitenge vinabakia kila siku chini ya mashini. Tuviunganishe, tushone mablanketi, tuwape wazee waliotumika jeshini na ambao wamerudi pamoja na sisi. Mama mwingine akasimama: "Askari njo walifanya nikimbie. Leo nimushonee blanketi?" Watu wote wakanyamaza.

Mimi kazi yangu ku tereni ni kuhesabu misaada na kuandika majina ku liste. Sikuwa na jibu. Lakini nilisoma historia ku iniversite, na ninajua kama wanawake wa inchi zingine walishapita ku njia hii. Ninaandika juu ya tujue walifanya namna gani.

Tuanzie Marekani, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mupaka 1865. Hospitali za jeshi zilijaa, na serikali haikuwa na matandiko ya kutosha. Mu mwezi wa sita 1861 serikali ilikubali tume ya raia ya kuangalia afya ya askari, United States Sanitary Commission. Mu kila muji wanawake walifanya vikundi, ku kanisa, ku nyumba, wakashona. Kwanza walitoa mablanketi waliyokuwa nayo ku vitanda vyao. Yalipoisha, wakashona mapya, membamba, kipimo cha kitanda cha askari: upana karibu metre 1.2, urefu karibu metre 2.1. Watu wa historia wanakadiria kwamba askari wa upande wa Kaskazini walipata mablanketi ya vipande karibu 250,000. Leo yamebakia machache sana. Mengine yalitumika mupaka yakapasuka, na mengine yalizikwa pamoja na wenyewe.

Hata wakati ule matata ya misaada yalikuwako. Habari zilienea kama vitu vinaibiwa njiani, kama wakubwa ndio wanalala ndani ya mablanketi ya wagonjwa. Tume ilijibu kwa kazi: ilipiga muhuri ku vitu, iliandika vilivyoingia na vilivyotoka, ilituma watu kuangalia ku hospitali. Wenye kufikiri kwamba mambo ya liste na saini ni ya ONG za leo tu, wajue: mama aliyeshona usiku, haki yake ni kujua blanketi ilifika wapi.

Mu vita ya kwanza ya dunia, njia ikabadilika kidogo. Tangu 1917, wanawake wa Msalaba Mwekundu wa Marekani walishona blanketi yenye majina. Mutu alitoa feza kidogo, jina lake likashonwa kwa uzi mwekundu. Feza zikaenda ku kazi ya kusaidia waliojeruhiwa, na blanketi yenyewe mara nyingi ikauzishwa ku munada. Kitambaa kimoja kikabeba jina la kartie nzima.

Lakini hadithi inayonigusa zaidi ni ya Singapore. Mji ulianguka mikononi mwa Wajapani tarehe 15 mwezi wa pili 1942. Wanawake na watoto karibu 400 wakafungwa mu gereza ya Changi. Mabwana wao walikuwa upande mwingine, na njia ya kutumiana habari hapakuwa. Mwanamuke wa Kanada, Ethel Mulvany, akaleta wazo: kila mwanamuke ashone kipande kimoja, atie jina lake na alama ya maisha yake. Wakatengeneza mablanketi matatu, kila moja vipande 66. Moja kwa majeruhi Waingereza, moja kwa Waaustralia. La tatu walilitoa kwa majeruhi Wajapani, askari wa jeshi lililowafunga. Wengi wanaona kwamba hilo la tatu lilisaidia mablanketi yaruhusiwe kutoka gerezani. Mwanaume mugonjwa akisoma jina ku kipande, alijua: bibi yangu yuko muzima. Mablanketi hayo yangali yapo, mawili Australia na moja Uingereza.

Sisi tuliokimbia, tunajua uzito wa kuona jina la mutu wako ku liste.

Tukuje karibu na leo. Mwaka wa 2003, Catherine Roberts wa jimbo la Delaware, Marekani, alikuwa na mutoto askari kule Irak. Anaeleza kwamba aliona kama ndoto: kijana amekaa ku kitanda usiku, ameinama, amekata tamaa, kiisha akamuona tena, amefunikwa blanketi ya vipande, na moyo umetulia. Akaanzisha Quilts of Valor. Mu mwezi wa 11 wa mwaka ule ule, blanketi ya kwanza ilipewa askari kijana aliyepoteza muguu, ku hospitali ya Walter Reed. Tangu pale yametolewa zaidi ya 300,000.

Namna wanavyotoa ndiyo somo kwetu. Hawagawanye kwa mulolongo. Wanaita mutu kwa jina, wanamushukuru mbele ya watu, wanamufunika mabega kwa mikono yao. Ku kona ya blanketi kunashonwa jina la aliyeshona.

Hapa kwetu pia deni liko. Mwezi wa sita 2022, ku Kinshasa, mufalme Philippe wa Ubelgiji alimuvika medali koplo Albert Kunyuku, aliyetumika mu Force Publique wakati wa vita ya pili ya dunia. Mzee alikuwa na miaka 100. Vita ile iliisha 1945. Wenzake wengi walikufa bila kuambiwa hata aksanti.

Mwaka uliopita, ku ugawaji, mzee mumoja mwenye muguu mubovu alikataa kupanga mulolongo. Aliniambia: "Mwanangu, nilipanga ku jeshi, nikapanga ku kambi ya wakimbizi. Sasa nimerudi kwetu." Akaenda bila blanketi. Liste yangu ilikuwa sawa, lakini yule mzee alilala na baridi.

Nilimuelezea yule mama historia ya Changi. Hakusema kama amesamehe, na hakuna mwenye haki ya kumulazimisha. Alisema tu: "Nitakata vipande. Kumupa kwa mikono yangu, bado." Kwangu inatosha kwa kuanza.

Kazi yenyewe si ngumu. Blanketi ina tabaka tatu: juu vipande, katikati kitu cha joto, chini kitambaa kizima, kiisha unapitisha uzi kushikanisha zote. Vipande tunavyo. Uzi na kitambaa cha chini ndivyo vinakosa, na hapo tunawaomba wafadhili. Wanachama, leteni vitenge vya zamani ku atelie, na kila mumoja aandike jina lake.