Mai ya Moto: historia ya mbuga ya Virunga

Kwa jamaa zilizohama vita toka Rutshuru, Mai ya Moto ni jina la kwao. Ni mahali ndani ya mbuga ya Virunga, Kivu Kaskazini, upande wa kusini ya ziwa Edouard. Maji yanatoka chini ya udongo yakiwa ya moto na mvuke unapanda, sababu ni moto wa volkano.

Mbuga hiyo ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 na Wabelgiji, ikapewa jina la mfalme Albert. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza Afrika. Wakaaji walikatazwa kulima na kuwinda ndani ya mipaka. Jina Virunga lilikuja mwaka 1969.

Miaka ya 1970, wageni walifika Rwindi kutazama tembo, simba na viboko. Viboko peke yao walipita 25,000. Halafu vita na ujangili viliingia. Tangu 1994, UNESCO inaihesabu Virunga kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kufikia 2006, viboko walibaki chini ya 1,000. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini, na vijiji vingi jirani vimehama.

Maniema nayo ina mbuga yake, Lomami, iliyotangazwa 2016. Virunga inaonyesha wazi: mipaka ikichorwa bila wakaaji, na vita ikiingia, wanyama na watu wanapoteza makao pamoja.