Kutoka Kuhesabu Kurasa Hadi Kufuata Watu

Nilipoajiriwa kuhudumia tovuti ya gazeti moja jijini Dar es Salaam, nilikabidhiwa faili ambalo hakuna mwingine ofisini aliyejali kulifungua. Humo seva iliandika mstari mmoja kwa kila ilichoombwa: anwani ya IP, tarehe na saa, jina la faili, namba ya matokeo na ukubwa wa kilichotumwa. Namba 200 ilimaanisha ombi limetimizwa. 404, kilichotafutwa hakipo. Kazi ya kupima matumizi ya tovuti ilianzia kwenye mistari kama hiyo, miaka ya mwanzo ya 1990.

Mistari hiyo ilimfaa kwanza fundi, aone seva imekwama wapi. Mwaka 1995 Stephen Turner wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa Analog, programu ya bure iliyoijumlisha ikawa ripoti inayosomeka. WebTrends ya Portland, Marekani, iliuza programu za aina hiyo kwa makampuni.

Lakini hesabu ilidanganya pande zote mbili. Ukurasa mmoja wenye picha kumi uliacha mistari kumi na mmoja, na wenye tovuti walijisifia mistari kana kwamba ni wasomaji. Huku kwetu kafe nzima ya intaneti ilitumia anwani moja, hivyo waliojaa humo wakisoma matokeo ya mpira walionekana kama mtu mmoja. Mhariri alipouliza tuna wasomaji wangapi, nilimpa makadirio.

Nyenzo ya kumtambua anayerudi ilikuwapo tangu 1994, pale Lou Montulli wa Netscape alipobuni kidakuzi, maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha kwenye kivinjari. Lengo lilikuwa duka la mtandaoni likumbuke mteja amechagua nini. Netscape yenyewe ilikitumia mapema kujua kama mgeni wa tovuti yake amewahi kufika. Mwaka uliofuata ikaja JavaScript, na baadaye wapimaji wakaitumia kupachika ndani ya ukurasa msimbo unaotuma taarifa kutoka kwenye kompyuta ya msomaji. Hapo kipimo kilihama. Zamani mwenye tovuti alisoma daftari la seva yake. Sasa kivinjari cha msomaji kilipeleka habari zake kwa kampuni ya tatu asiyoijua.

Mwaka 2005 Google ilinunua Urchin, kampuni ya San Diego, na mwezi Novemba ikatoa Google Analytics bila malipo. Waliojiandikisha walikuwa wengi kiasi kwamba usajili ulisimamishwa, ukafunguliwa kwa wote Agosti 2006. Alama ya utm iliyomo kwenye viungo virefu tunavyotumiana WhatsApp ni urithi wa Urchin. Kwa magazeti madogo kama letu ilikuwa neema: tuliona habari gani inasomwa, na msomaji ametokea wapi. Gharama ililipwa na msomaji, ambaye nyayo zake kwenye tovuti nyingi zilikusanyika mahali pamoja.

Simu ilizidisha jambo hilo. Ndani ya programu ya simu hesabu ya kurasa haitoshi. Hurekodiwa matukio: programu imefunguliwa, kitufe kimebofywa, malipo yameachwa njiani. Kompyuta ya kafe ilitumiwa na watu wengi, lakini simu humfuata mwenyewe hadi kitandani. Google nayo ilihamia mfumo wa matukio mwaka 2020, na Julai 2023 mfumo wa zamani ukaanza kuzimwa.

Sheria zilifika nyuma ya teknolojia. Kanuni za Umoja wa Ulaya za ulinzi wa data zilianza kutumika Mei 2018, Kenya ikatunga sheria yake 2019, Tanzania 2022, nayo ikaanza kazi Mei 2023. Kati ya hizo, Aprili 2021, Apple ililazimisha programu za iPhone ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji kwenye programu na tovuti za makampuni mengine.

Historia hii inanifundisha kwamba kila hatua ilianza na haja halali, kisha ikakusanya zaidi ya ilichohitaji. Ndiyo maana vijana ninaowafunza huandika swali kwanza, kabla ya kupachika kipimo chochote. Kama tunataka kujua ukurasa unachelewa kufunguka wapi, tupime muda. Jina la msomaji na mahali alipolala hayatuhusu. Data isiyojibu swali lililoandikwa isikusanywe, hata kama kuikusanya ni bure.