Kahawa Iliyolipa Karo

Makanga wa Thika Road huyataja majina matatu kwa pumzi moja: Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kahawa West. Hakuna abiria anayechungulia dirishani kutafuta mibuni. Siku hizi ni fleti, maduka ya M-Pesa, vibanda vya chipsi, na karibu hapo Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoanza mwaka 1965 kwenye kambi iliyoachwa na jeshi la Uingereza.

Stori yangu ni ya jinsi shamba la kahawa lilivyozaa wanachuo. Ongea na watu waliosoma miaka ya 1970 na 1980 kutoka Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Meru, Kisii au Machakos, uwaulize karo ilitoka wapi. Wengi watakujibu kwa neno moja: kahawa. Wanavyolisema, utadhani mibuni ilikuwa hapo tangu enzi za mababu. Haikuwa.

Wamisionari walipanda kahawa Bura, kule Taita, mwaka 1893. Masetla wakaichukua, wakaieneza Kiambu hadi Thika. Mwafrika alikaribishwa shambani kama kibarua tu. Kupanda yake mwenyewe, hapana. Masetla walikuwa na sababu zao: Waafrika wataeneza magonjwa ya mimea, wataharibu sifa ya kahawa ya Kenya sokoni, wataiba kahawa ya mzungu na kusema ni yao. Ila hapo Kilimanjaro tu, ng'ambo ya mpaka, Wachagga walikuwa wakilima kahawa yao, na mwaka 1925 wakaunda chama cha wakulima. Mlima haukuporomoka.

Sababu kubwa ilikuwa jasho. Kahawa huchumwa kwa mkono, tunda moja moja, yakiiva mekundu. Setla alihitaji watu wengi, tena kwa bei ya chini. Mtu mwenye mibuni yake nyumbani angeenda kumchumia mwingine kwa nini? Kwa hivyo kukawa na kodi ya nyumba, kukawa na kipande, na machifu wakawa wanakusanya hata wasichana wa kupeleka mashambani. Hayo ndiyo baadhi ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku apaze sauti. Alikamatwa Machi 1922, watu wakaandamana Nairobi kudai aachiliwe, na polisi wakawapiga risasi. Miaka mingi baadaye Thuku huyo huyo alikuwa mkulima mkubwa wa kahawa, na Mwafrika wa kwanza kuketi kwenye bodi ya KPCU, chama cha wakulima wa kahawa.

Mlango ulifunguliwa kidogo miaka ya 1930, Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya masetla, na mtu aliruhusiwa miche ya kuhesabu. Ulifunguka kabisa mwaka 1954, na wakati wenyewe unasema kitu. Ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau. Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la afisa wa kilimo aliyeuandika, ulitaka ardhi ya Waafrika ipimwe, iunganishwe, itolewe hati, kisha ipandwe mazao ya kuuza. Serikali ilitumaini kwamba mwenye hati na mibuni hatakuwa na haja ya kuingia msituni. Wengine walirudi kutoka kizuizini wakakuta ardhi imeshagawanywa. Kahawa ya mwananchi ilianza hivyo, kama dawa ya kutuliza uasi.

Wananchi nao walikuwa na mpango wao: shule. Tangu zamani wakoloni walipenda kusisitiza kwamba mtoto Mwafrika afundishwe kilimo na kazi za mikono. Wazazi walikataa. Jembe walilijua tayari, hawakuona haja ya kulipia mtoto aende kulifundishwa. Walitaka Kiingereza, hesabu, vyeti. Ndiyo maana waliwahi kujenga shule zao huru, na ndiyo maana baada ya uhuru walichanga kujenga shule za harambee. Kahawa ilipoingia, pesa zake zilijua pa kwenda.

Angalia jinsi kalenda zilivyoshikana. Upande wa Mlima Kenya, zao kubwa huiva kati ya Oktoba na Desemba. Watoto wakifunga shule, wanachuma. Magunia yanabebwa hadi faktri ya chama, yanapimwa, unapewa risiti. Januari shule zinafunguliwa, lakini malipo ya kahawa bado yako njiani: imenywe, ikaushwe, ikobolewe, ipigwe mnada Nairobi, makato yatolewe. Hapo vyama vingi vya ushirika viliziba pengo kwa kumkopesha mwanachama karo kwa dhamana ya kahawa aliyopeleka. Kilo zako ndizo zilizokuwa neno lako.

Haikuwa haki tupu. Shina la mbuni lilipaliliwa na mama, likachumwa na mama na watoto, lakini nambari ya uanachama mara nyingi ilikuwa ya baba, na hela ziliingia mfukoni mwa baba. Pale pesa zilipotosha mtoto mmoja tu, mara nyingi alipelekwa mvulana. Shosho wengi wa leo wanajua kahawa kuliko mtaalamu yeyote, na hawakuwahi kusaini risiti hata moja.

Julai 1975 baridi kali ikaunguza mibuni ya Paraná, Brazil. Bei ya dunia ikapanda, na kufikia Aprili 1977 ilikuwa imepita dola 3 kwa ratili. Serikali ya Kenya iliacha sehemu kubwa ya bei hiyo imfikie mkulima. Uganda chini ya Amin mkulima alilipwa kidogo sana, kwa hivyo kahawa ikavushwa usiku mpaka Chepkube, kule Bungoma, na watu wakatajirika kwa msimu mmoja. Vijijini ikawa ni mabati mapya, matangi ya maji, madarasa ya mawe. Zao la 1987/88 lilikaribia tani 130,000.

Halafu miguu miwili ya kigoda ikavunjika karibu wakati mmoja. Mwaka 1988 serikali, ikibanwa na wakopeshaji wake, ilitoa sera ya kugawana gharama, yaani mzazi aongeze mkono katika elimu na matibabu. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa kati ya nchi na kushikilia bei uliporomoka. Ndani ya miezi michache bei ilishuka karibu nusu. Kwa hivyo mzazi aliambiwa alipe zaidi wakati uleule alipokuwa anapata kidogo. Mwaka 1991 karo ikaingia hadi vyuo vikuu. Ongeza vyama vilivyojaa madeni na wizi, na mkulima aliyesubiri malipo msimu hadi msimu. Kwa miaka mingi ilikuwa kosa kung'oa mbuni bila kibali, basi watu wakapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari na kuiacha mibuni ijifie. Siku hizi nchi nzima hutoa karibu tani 50,000.

Watoto waliokosa karo miaka ya 1990 walihesabiwa kama watoro, wavivu, wajinga wa ukoo. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja wa ziada walijitokeza. Hamu ya kusoma ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni hela.

Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo siwezi kujifanya ninasoma historia hii kwa utulivu. Lakini imenisaidia kuelewa kitu. Kwa kizazi kizima, bima ya elimu ya mtoto wa kijijini ilikuwa bei ya tunda moja iliyoamuliwa New York na London. Wazazi wetu waliibeba hatari hiyo mgongoni, na ilipowashinda, waliolipa ni watoto wao.

Leo tunaambiwa vijana turudi shambani. Sawa, wengine watarudi. Ila shamba lililosomesha watoto watano limegawanywa mara tano, na sehemu ya ardhi nzuri kabisa ya kahawa ya Kiambu sasa ni Tatu City. Kabla ya kuuliza kwa nini vijana hawataki jembe, tuulize bei ikianguka tena ni nani atakayebeba hasara. Kama jibu bado ni mkulima na mtoto wake, basi anayetuita shambani anataka tu tuanze upya ile safari ambayo wazazi wetu walishamaliza, bila hata kutuwekea akiba ya nauli.